Sura Iliyokataliwa na Kamati

Wiki iliyopita mlilala na mkono wa Mzee Wilbert ukiwa hewani, mlangoni kwa mchapaji, na sauti yake ikisema, "Zimeni mashine." Mkono huo bado uko juu. Tuushushe kwanza, maana mzee wa watu atachoka.

Mashine ikazimwa. Kelele iliyokuwa imejaza chumba kile cha nyuma ya soko la Bukoba ikakatika ghafla. Mchapaji Omary, mwenye wino mpaka kwenye ndevu, alimtazama mwenyekiti wa kamati, kisha akamtazama mwandishi.

Mwandishi hakumtazama mtu. Alitafuta stuli akaketi.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo, huyu ni Mwalimu Dativa Karugendo, miaka arobaini na saba, mkazi wa Kitendaguro, anayefundisha Kiswahili sekondari. Ameandika riwaya moja kwa miaka kumi na mmoja. Wachapishaji watatu wa Dar es Salaam walimkatalia kwa heshima, na wa nne hakujibu kabisa. Ndipo akaamua kuwachangisha watu. Asubuhi hiyo ya Jumanne kurasa za kwanza zilikuwa zimeshapangwa kwenye mashine.

"Baba mdogo," alisema, "kuna nini tena?"

Hilo neno "tena" lilikuwa na uzito wake. Na hapa lazima nimlaumu mwalimu wetu, ingawa nampenda.

Alipoanzisha kundi la WhatsApp la kuchangia kitabu, watu walisoma ujumbe wakanyamaza siku tisa. Huku kwetu mtu huchangia harusi, msiba na matibabu. Kitabu hakijawahi kumwalika mtu chakula. Rafiki yake Immakulata akamshauri aunde kamati kama ya harusi, na mbele amweke mzee wa ukoo, ili watu wajue fedha zao zina mlinzi. Dativa akamweka mdogo wa marehemu baba yake, Mzee Wilbert wa Nyanga, mstaafu mwenye sauti nzito na kofia ya pama. Immakulata akawa mweka hazina. Kila mchangiaji akaahidiwa jina lake litachapwa nyuma ya kitabu.

Michango ikaanza kumiminika. Lakini ukiunda kamati ya harusi, utapata kamati ya harusi. Na kamati ya harusi, kama mjuavyo, haimwulizi bibi harusi kama anapenda pilau.

Ilianza na jalada. Kamati ilitaka mkungu wa ndizi, Dativa akakubali. Ikafuata sura ya sita, ambamo padri mlevi alibadilishwa akawa fundi baiskeli mlevi, maana wachangiaji wengi ni Wakatoliki. Hapo napo akakubali, kwa shingo upande. Kila alipokubali alijiambia kwamba sura ya mwisho bado ni yake.

Sasa Mzee Wilbert alikuwa amekuja kuichukua hiyo hiyo.

Alieleza taratibu, kama mtu asomaye muhtasari wa kikao. Kamati ilikutana Jumapili baada ya misa, nyumbani kwake, bila Dativa, kwa kuwa mwenye shughuli haketi kwenye kikao cha shughuli yake. Kulikuwa na malalamiko kutoka Bumbire. Bwana Rwekaza, mfanyabiashara wa samaki kisiwani humo, ambaye mchango wake peke yake ulikuwa mkubwa kuliko wa ukoo mzima, alikuwa ameisoma rasimu. Hakutaka jina lake liwe nyuma ya kitabu kinachomzika mtu mpakani kama mbwa. Sura ya mwisho iondolewe, la sivyo arudishiwe mchango wake.

"Na hatuna cha kumrudishia," Mzee Wilbert alimalizia. "Karatasi zimeshanunuliwa. Nawe unajua."

Alijua. Aliyapokea mwenyewe marobota yale, mvua ya Novemba ikimpiga mgongoni.

"Na wewe, baba mdogo, ulisemaje kikaoni?"

"Mwenyekiti hapigi kura, mwanangu."

Omary alikohoa. Akasema kwa upole kwamba yeye ni mchapaji tu, na malipo ya mwisho yanasubiri saini ya mwenyekiti. Angeweza kungoja mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo mashine ingeingia kwenye kalenda za mwaka mpya, na kitabu kingesubiri Februari. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na huruma yake, akamsogezea bakuli la senene, wale panzi wa msimu wa mvua, waliokaangwa. Dativa akachukua watatu, akawatafuna bila kusikia ladha.

Nisiwafiche. Aliporudi Kitendaguro alasiri ile hakulia wala hakugombana na mtu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hasira nayo ilikuwa kazi. Aliketi mezani, akageuza upande wa nyuma wa karatasi ya mtihani, akaandika mwisho mwingine: yule mwanamke wa riwaya anaolewa upya Mwanza, anapata duka, hatajwi tena. Ulikuwa nusu ukurasa. Ukaingia kwenye mkoba.

Mnaona uzito wa nusu ukurasa ule? Basi sikilizeni sura ya mwisho ilikuwa inasema nini.

Riwaya inaitwa *Aliyezikwa Mpakani*. Ni habari ya mwanamke anayemkimbia mume mkatili, anarudi kwa baba yake Muleba, na baba, kinyume cha desturi, anamwandikia kwenye wosia nusu ya kibanja, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Baba anakufa. Mwaka unaofuata binti anazama ziwani. Kaka zake wanamzika mwisho kabisa wa kibanja, mpakani, mbali na kaburi la baba, na wiki hiyo hiyo wosia unapotea.

Majina aliyabadilisha, lakini mengine yote yalitokea. Mwanamke huyo alikuwa shangazi yake, Kokuhirwa, dada wa baba yake na wa huyu huyu Wilbert. Ndiye aliyemfundisha Dativa kusoma, akifuata kwa kidole magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kuzuia vumbi. Dativa alikuwa na miaka tisa shangazi alipozama. Kaburi lipo mpaka leo, na kila Novemba, mwezi wa marehemu wote, Dativa humtolea nia ya misa.

Miaka kumi na mmoja aliandika ili afike kwenye kaburi lile. Sasa nusu ukurasa ulikuwa umelifukia.

Jumatano jioni akampigia Immakulata. Hakuomba ushauri, aliomba namba ya Rwekaza tu. Immakulata alisitasita, akasema mwenyekiti amekataza namba za wachangiaji zisitoke, kisha akaisoma polepole, tarakimu moja moja. Rwekaza naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alhamisi angekuwa mwaloni, pale vyombo vya wavuvi vinapotia nanga upande wa Muleba, kupakua dagaa. Mwalimu aje.

Alikwenda kuomba. Tuseme ukweli, msomaji wangu, mwandishi wetu hakwenda Muleba kupigana. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumbembeleza mtu mwenye fedha, na kama yangeshindikana, nusu ukurasa ulikuwa mkobani.

Mwaloni kulikuwa na matope na harufu ya dagaa walioanikwa. Rwekaza alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyochanika kwa kamba. Alimkaribisha kwenye kibanda cha chai, akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akamwekea punje kiganjani kama afanyiwavyo mgeni wa heshima. Wakatafuna. Kwa mtu aliyetishia kukizuia kitabu, alikuwa na adabu ya kushangaza.

Dativa akaanza hotuba yake. Alisema anaheshimu mchango wake, anaelewa kwamba sura ya mwisho imemkera, na kwamba mwandishi ni mtumishi wa wasomaji. Alipofika hapo Rwekaza akainua kiganja.

"Waitu Mwalimu, nani amekuambia nimekerwa?"

"Mwenyekiti wa kamati. Amesema umeagiza sura iondolewe."

Rwekaza akatoa simu yake akaiweka mezani. Kilikuwa kitochi kidogo, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa kwenye kundi lolote. Hakumjua mwenyekiti yeyote, hajawahi kuongea naye, na riwaya hiyo hakuisoma kwa kuwa macho yake hayaoni maandishi madogo. Fedha ilipita kwenye namba yake, hilo ni kweli, lakini haikuwa yake.

"Ni ya mama mmoja kule kisiwani," alisema. "Anapika chapati na uji, sisi wote tumekulia kwake. Alikusikia redioni ukieleza kitabu chako, akaniambia nitume."

"Kwa nini hakutuma mwenyewe?"

"Hana laini. Kusajili laini wanataka kitambulisho cha taifa. Alipokwenda kuomba kitambulisho wakamwambia alete barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa." Akatema ganda la kahawa kando. "Hawezi kwenda huko."

Dativa hakuelewa, na sikumlaumu. Kichwa kilichochoka huona mlango kikadhani ni ukuta.

Rwekaza akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha kubwa ya kaki. Dativa akaitambua. Ilikuwa nakala ya rasimu ambayo Immakulata aliwatumia wachangiaji wakubwa, na hii ilikuwa imekwenda Bumbire na kurudi, kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa na ukurasa mmoja una alama ya mafuta ya chapati.

Pembezoni kulikuwa na maandishi ya penseli.

Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa na masista zamani. Kwanza mwalimu wa Kiswahili alihisi kukereka, maana hakuna mwalimu apendaye kusahihishwa. Sura ya pili, pale alipoandika kwamba mahari ilirudishwa pamoja na mbuzi mweupe wa nyongeza, penseli ilisema: *Mbuzi alikuwa mweusi, mguu mmoja mbovu.* Sura ya tano, mlango wa jikoni: *Ulifunguka kwa nje. Kwa ndani usingeweza, kulikuwa na pipa.*

Dativa akakumbuka pipa. Hakuwa ameliandika popote.

Akapekua haraka. Sura ya tisa, usiku wa wosia: *Baba hakukohoa. Aliongea vizuri kabisa, na Wilbert alikuwepo.*

Hapa penseli haikutumia jina la ndani ya riwaya. Ilitumia jina la mtu wa kweli. Chai ikapoa mbele ya Dativa, na Rwekaza akaangalia pembeni kwa heshima, kama mtu anayempisha mwenzake avae.

Akaenda sura ya mwisho, ile ya maziko, ile iliyokatazwa na kamati. Ukurasa wa kwanza wake haukuwa na alama. Wa pili nao hivyo hivyo. Jeneza, wimbo, udongo wa mpakani, mtoto wa miaka tisa aliyekatazwa kusogea, vyote vimepita bila penseli. Chini ya mstari wa mwisho kabisa kulikuwa na maneno machache.

*Hapa siwezi kukusahihisha, mwanangu. Sikuwepo.*

Alisoma mara moja. Akasoma tena. Kisha akaweka kiganja juu ya maneno yale kama anayazuia yasiondoke.

"Walizika nini?" aliuliza.

"Walizika mgomba," alisema Rwekaza.

Ninyi wa kandokando ya ziwa mnaijua desturi hiyo. Mwili usipopatikana majini, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika sanda, hulilia na kulizika, ili marehemu asihangaike na walio hai waanue matanga. Chombo kilikuwa kimezama kweli siku ile, na watu kadhaa hawakupatikana. Kokuhirwa alikuwa ameaga kwamba anapanda chombo hicho. Alichelewa akapanda kingine. Alipofika Bumbire na habari zikamfikia, nyumbani walikuwa wameshazika na kunyoa nywele za matanga.

Aliandika barua moja tu, Rwekaza alisema, kwa kaka yake Wilbert, kumjulisha kwamba yu hai na anakuja kwenye nusu yake ya kibanja. Jibu lilikuja kwa mkono wa mvuvi. Lilisema aliyezikwa harudi, na akirudi, mume wake ataelezwa pa kumpata. Akabaki. Mwaka mmoja ukawa miaka thelathini na minane.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba unaweza kukipa na uenyekiti.

Dativa aliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja na yote yalimwuma. Baba yake alikufa akimlilia dada yake. Nusu ile ya kibanja sasa ina nyumba za kupangisha za Mzee Wilbert. Na yeye mwenyewe alimfuata mtu huyo huyo, akapiga magoti, akamwomba amlindie kitabu.

"Alichanga fedha nyingi sana," alisema mwishowe.

"Ilikuwa akiba ya mazishi yake. Nilimkataza. Akaniambia, 'Rwekaza, mimi nilishazikwa. Hii hela ni ya nini?'" Rwekaza akatabasamu kidogo. "Hujasoma ukurasa wa mbele."

Ukurasa wa mbele ni ule wa kutabaruku. Dativa alikuwa ameandika: *Kwa shangazi yangu Kokuhirwa, ambaye kila Novemba namtolea nia ya misa.* Chini yake penseli ilikuwa imejibu:

*Wakola, asante, mwanangu. Misa zako zimenifikia. Ndiyo maana siugui.*

Hapo ndipo alipolia. Alilia na kucheka kwa pamoja, pua ikimchuruzika, mbele ya wapakuaji wa dagaa waliojifanya hawaoni. Uchovu wa miaka kumi na mmoja haukuondoka, nisiwadanganye, lakini ulihama mahali. Alitoa nusu ukurasa wa Mwanza mkobani, akaukunja, akaweka chini ya kikombe ili meza isitikisike. Ulifaa sana kwa kazi hiyo.

Kisha akampigia Omary.

"Mzee Omary, kitabu si unakichapa kwa mafungu?"

Omary akathibitisha. Kurasa kumi na sita kila fungu, halafu yanashonwa pamoja.

"Sura ya mwisho iko kwenye fungu gani?"

Karatasi zikafunuliwa. Iko fungu la mwisho, peke yake.

"Basi chapa mengine yote leo. Hayo kamati haijayakataa. La mwisho nitakuletea mwenyewe, limesahihishwa."

"Na saini ya mwenyekiti, Mwalimu?"

Dativa akamwambia kwamba malipo yake atayapata hata kama yeye atauza pikipiki. Omary alisema karatasi si za mwenyekiti, na wino ni wake mwenyewe, na kwamba mafungu ya mwanzo atayachapa kuanzia mchana ule. Lakini Jumamosi saa sita ni Jumamosi saa sita. Baada ya hapo ni kalenda.

Siku mbili, basi. Kwenda kisiwani, kumwona aliye hai, kuandika upya mazishi ya mgomba, na kurudi Bukoba.

Chombo cha Rwekaza kilikuwa kinaondoka saa hiyo hiyo. Walishuka mtelemko pamoja, Dativa akishika bahasha kifuani, viatu vimejaa tope. Aliuliza njiani kama shangazi anajua anakuja. Rwekaza akasema hajui. Hapendi kuahidiwa vitu.

Abiria walikuwa wameshaketi juu ya makreti matupu. Akina mama wawili walikuwa na magunia ya mihogo, na mbele kabisa aliketi mzee aliyevaa jaketi la kuokolea juu ya suti, amewapa mgongo. Rwekaza akasema mzee huyo alifika tangu asubuhi, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, na hakutaka hata chai.

Dativa alikuwa ameinua mguu mmoja alipoiona kofia ya pama magotini mwa mzee. Juu ya kofia kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, neno "kibanja" likisomeka juu kabisa, na kidau cha wino na kitambaa, vile vya kumwekesha mtu dole gumba. Kule Bukoba, ni Immakulata peke yake aliyejua kwamba Dativa ameomba namba ya Rwekaza.

Mzee Wilbert akageuka. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana amechoka kama yeye, na aliusogeza mkoba wake ili kumpa nafasi.

"Panda, mwanangu," alisema. "Twende tukamwone dada yangu."